Kazi ya Mungu haina makosa. Ya binadamu je?

Msomaji wa kurasa za tanzia katika magazeti yetu hahitaji kuambiwa jinsi zinavyoanza. Familia hutangaza kifo cha mpendwa wao "kwa kuyakubali mapenzi ya Mungu", kisha hufuata majina ya ndugu, wajukuu, na mahali pa maziko. Siku ya maziko nayo ina sentensi yake. Mhubiri husimama kando ya jeneza, huutazama umati, na kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Umati huitikia "Amina". Kwa ndugu zetu Waislamu utasikia "ni kudura ya Mola", na vichwa huinama vivyo hivyo.

Mimi ni mwalimu wa fasihi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewafunza vijana kwamba hakuna maneno yaliyo juu ya uhakiki, hata yale tunayoyasema huku tukilia. Leo basi nataka kuihakiki sentensi hiyo moja kama ambavyo ningehakiki shairi au riwaya. Sikusudii kubishana na imani ya mtu. Mimi mwenyewe ni muumini, na Jumapili ukinitafuta utanipata kanisani. Swali langu ni la lugha: tunapoitamka sentensi hiyo, tunasema nini hasa? Na ni nini tunachokiacha bila kusemwa?

Niungame kwanza kwamba mimi pia nimewahi kuiandika. Miaka kadhaa iliyopita tulimpoteza kitinda mimba wetu. Alikuwa akirudi nyumbani usiku kwa gari lake dogo, akaligonga kwa nyuma lori lililokuwa limekwama barabarani. Lori hilo halikuwa na taa hata moja iliyowaka. Hapakuwa na vile vibao vya pembetatu vinavyong'aa, wala lile tawi la mti ambalo madereva wetu huliweka nyuma ya gari lililoharibika. Dereva hakuwapo. Gari lilikuwa limeachwa hapo tangu mchana.

Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa Kiswahili" katika familia, niliombwa niandike tanzia. Niliketi, nikaandika kama wanavyoandika wengine, kisha nikamsomea mama yetu. Alisikiliza akiwa ameshika tama. Nilipomaliza akasema, "Hebu rudia hapo kwa mapenzi ya Mungu." Nikarudia.

"Mwanangu," akauliza, "lile lori nalo, ni Mungu aliyelizima taa?"

Mchungaji mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, alikuwa ameketi papo hapo. Akamshika mkono, akamwambia kwa upole, "Mama, kazi ya Mungu haina makosa."

"Najua haina, mchungaji," Mama akajibu. "Lakini hii ina makosa. Sasa hii ni kazi ya nani?"

Hakuna aliyemjibu. Tanzia ilichapishwa vile vile nilivyoiandika, kwa sababu muda wa kuipeleka gazetini ulikuwa unayoyoma na mimi sikuwa na maneno mengine. Ila tangu siku hiyo swali la Mama halijaniondoka. Mimi nilikuwa na shahada tatu. Yeye aliishia darasa la nne. Lakini aliyefuata mantiki ya sentensi ile hadi mwisho ni yeye. Ikiwa kazi ya Mungu haina makosa, na jambo hili limejaa makosa, basi ama si kazi yake, au ndani yake mna kazi ya mtu mwingine pia, na mtu huyo anapaswa kutajwa.

Tuanze na sarufi. Katika sentensi "kazi ya Mungu haina makosa", mtendaji anayetajwa ni mmoja tu. Ukishamtaja Mungu peke yake, watendaji wengine wote wanafukuzwa kwenye sentensi: dereva aliyeliacha lori, mwenye lori aliyelituma barabarani bila taa, afisa aliyelipita bila kuuliza kitu. Hali ni hiyo hiyo tunaposema marehemu "amechukuliwa" au "ameitwa". Kauli ya kutendwa ina sifa moja ambayo kila mwalimu wa sarufi anaijua: inamruhusu msemaji kutomtaja mtenda. Katika mazishi tunadhani tunampa Mungu heshima kwa kauli hiyo. Mara nyingine tunawapa wengine maficho.

Neno lenyewe tunalolitumia kwa vifo vya barabarani limebeba mzigo huo huo. Kwa Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa, na hasa kikomo cha umri wa mtu. Neno hili liliingia katika Kiswahili na maana hiyo, na katika lugha ya ushairi mtu aliyefikwa na ajali ni mtu aliyefikiwa na siku yake. Baadaye maana ikahama. Leo mtangazaji wa redio anaposema "ajali mbaya ya barabarani" anamaanisha magari yaliyogongana. Hata hivyo, maneno yana kumbukumbu ndefu kuliko wanaoyatumia. Ndani ya neno ajali mna wazo kwamba kilichotokea kilikuwa kimepangwa. Ndiyo maana methali isemayo ajali haina kinga inatukaa vizuri mdomoni. Kama ni siku iliyowekwa, kweli nani ataikinga?

Lakini kwenye barabara za Kenya wamekuwa wakifa zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika miaka ya hivi karibuni. Breki mbovu zina kinga. Mwendo wa kasi una kinga. Lori lisilo na taa lina kinga ya bei ya balbu. Wenzetu Waingereza hawana hata asili hii ya neno ajali ya kuwasumbua, lakini mwaka 2001 jarida lao la kitabibu, BMJ, lilitangaza kwamba halitalitumia tena neno lao lenye maana hiyo kwa majeraha yanayoweza kuzuiwa, kwa sababu lilionekana kusema kwamba hapakuwa na la kufanya. Siwaombi wahariri wetu walifute neno ajali. Ninawaomba wakumbuke kwamba Kiswahili kina kugonga, kugongwa na kugongana, na kwamba vitenzi hivi humlazimisha msomaji kuuliza: nani kamgonga nani?

Sasa nije kwenye neno la pili, hekima. Mtu akikosa kuelewa jambo zito lililompata, huambiwa aitumainie hekima ya Mungu. Mimi pia nasema hivyo. Lakini tulitazame neno. Hekima, hukumu, hakimu na mahakama ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Kuna hekima, na kuna hukumu, na mtu anaweza kuzichanganya kwa urahisi kwa kuwa zimetoka nyumba moja. Kuiamini hekima ya Mungu ni kusema: yeye anajua, mimi sijui. Kutangaza hukumu yake ni kusema: yeye anajua, na mimi nimeshajua anachokijua, kwamba alimtaka mtu huyu afe Alhamisi usiku nyuma ya lori. Ya kwanza ni unyenyekevu. Ya pili imevaa nguo za unyenyekevu tu. Wengi wetu tunapoiandika tanzia tunadhani tumeikubali ile ya kwanza, kumbe tumeitamka ya pili.

Hapa ndipo fasihi inapotusaidia, kwa sababu tatizo hili si geni. Kitabu cha Ayubu katika Biblia kinalishughulikia kwa sura 42. Wahubiri wetu huchota sura ya kwanza, pale Ayubu anapopokea habari za watoto na mali na kukiri kwamba aliyempa ndiye aliyemnyang'anya. Kisha wanafunga kitabu. Nimehudhuria mazishi mengi na sikumbuki mhubiri aliyeendelea hadi sura ya tatu, ambapo mtu yule yule anailaani siku aliyozaliwa. Ni kama mhakiki anayesoma ukurasa wa kwanza wa riwaya na kutuandikia tahakiki ya riwaya nzima.

Tukisoma mbele tunakutana na Elifazi, Bildadi na Sofari, marafiki waliokuja kumfariji. Mwanzoni wanafanya jambo zuri ajabu: wanaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kunena neno. Wanaharibu wanapofungua vinywa. Wanachokisema si upuuzi. Ukikitenga na mahali kinaposemewa, karibu kila kitu wanachokisema kingeweza kuhubiriwa na watu wakaitikia Amina: Mungu ni mwenye haki, Mungu hakosei, mwanadamu hawezi kushindana naye. Kosa lao ni kwamba wanayageuza maneno hayo kuwa maelezo. Wanajua kwa nini Ayubu anateseka. Wanamtetea Mungu kwa kumsingizia jirani yao. Ayubu, kwa upande wake, anagoma. Analia, anadai kesi yake isikilizwe, anamwambia Mungu maneno ambayo mimi nisingethubutu kuyasema kanisani kwetu.

Katika sura ya 38 Mungu anazungumza kutoka katika upepo wa kisulisuli. Msomaji anayengoja maelezo anaambulia maswali: kuhusu misingi ya dunia, milango ya bahari, mbuzi wa mwituni wanaozaa bila mkunga. Sababu ya mateso haitajwi. Sisi wasomaji tunaijua kwa kuwa tulisoma sura mbili za mwanzo. Ayubu hadi mwisho haambiwi. Huo ni ufundi mkubwa wa masimulizi. Mwandishi amempa msomaji maarifa ambayo mhusika mkuu amenyimwa, ili msomaji aone kwamba imani ya mhusika haikutegemea kuelewa. Halafu katika sura ya mwisho inakuja hukumu inayoshangaza: Mungu anawakasirikia marafiki waliomtetea, na kusema kwamba aliyenena sawasawa juu yake ni Ayubu, yule mlalamikaji. Marafiki wanaagizwa walete mafahali saba na kondoo dume saba, na mlalamikaji awaombee.

Kwa hivyo kitabu hicho chenyewe, ambacho tunakitumia kuwanyamazisha waliofiwa, kinawapa haki waliofiwa.

Ayubu anaishi pia katika fasihi yetu wenyewe. Utendi wa Ayubu ni miongoni mwa tendi za zamani za Waswahili. Alice Werner aliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920, na J.W.T. Allen akaujumuisha katika kitabu chake Tendi cha mwaka 1971. Msingi wake ni masimulizi ya Kiislamu, na kiini cha masimulizi hayo ni subira. Mtu anaweza kudhani basi kwamba Ayubu wa Waswahili ni yule wa sura ya kwanza tu, mtu wa kunyamaza. Lakini subira ya Nabii Ayubu haikuwa ububu. Kurani inamtaja akimlilia Mola wake, akitaja dhara iliyomgusa, na papo hapo akimtaja Mola kwa sifa ya rehema. Na bado anaitwa mwenye subira. Kulalamika kwake hakukumwondolea sifa hiyo.

Kisha kuna mkewe, ambaye masimulizi haya humpa jina la Rahma, yaani Rehema. Mumewe anapooza kwa maradhi na watu kumkimbia, yeye ndiye anayebaki, akiwafanyia watu vibarua ili apate chakula cha mgonjwa. Mwanamke huyu hatoi mahubiri juu ya hekima ya Mungu, anatafuta unga. Ukiniuliza ni nani katika kisa hiki aliyeiamini hekima ya Mungu kwa vitendo, nitakuonyesha yeye kabla ya kukuonyesha mhubiri yeyote.

Nimewahi kuwapa wanafunzi wa uzamili zoezi la kumlinganisha Ayubu na Kazimoto, mhusika mkuu katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974. Kazimoto ni msomi. Naye anaona mateso yanayokosa maana, anauliza maswali yale yale ya Ayubu, na mwishowe anajiua. Wahakiki wengi huisoma riwaya hii kama riwaya ya udhanaishi, na wako sahihi. Lakini mwanafunzi mmoja aliniandikia jambo ambalo sijalisahau: kwamba tofauti ya wahusika hawa wawili haiko katika maswali yao, iko katika anayeulizwa. Ayubu anamwuliza Mtu. Kazimoto anajiuliza mwenyewe, na majibu yake yanarudi kama mwangwi katika chumba kitupu. Nilimpa alama ya juu.

Jambo hilo lina uzito nje ya darasa. Sisi wazee huogopa kwamba kijana akiuliza sana mazishini ataipoteza imani, kwa hivyo tunamwahi na sentensi. Fasihi inanifunza kinyume. Anayeuliza kwa sauti bado ana wa kumwuliza. Wa kuogopewa ni yule aliyenyamaza, aliyeambiwa mara tano kwamba kazi ya Mungu haina makosa, akaamua kuondoka na maswali yake kimyakimya. Wahenga walionya kwamba mwenye kovu usidhani kapoa.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu mwenzangu mmoja wa isimu alishanitolea tulipokuwa tukinywa chai. "Profesa," aliniambia, "wewe unaihakiki sentensi hiyo kana kwamba ni hoja. Hiyo si hoja. Ni pole tu ndefu." Akanikumbusha Malinowski, aliyeeleza mwaka 1923 kwamba yako maneno ambayo kazi yake ni kuwaunganisha watu na wala si kupashana habari. Ukimsalimu mtu "habari ya asubuhi" hutaki akusomee taarifa. Vivyo hivyo anayesema kazi ya Mungu haina makosa anataka tu kusema: niko nawe, sina la kusema.

Pingamizi hilo lina nguvu, na kwa sehemu nalikubali. Wajane wameniambia kwamba maneno hayo hayo yaliwashikilia wasianguke. Mtu aliyeuguza mgonjwa wa saratani kwa miaka minne, akafanya kila lililowezekana, akisema mwenyewe kwamba anaiachia hekima ya Mungu asiyoielewa, mimi ni nani nimkosoe? Hapo sentensi inasemwa na mwenye msiba, baada ya jitihada, kuhusu jambo ambalo kweli mkono wa mtu haukulifikia. Wahenga hawakusema bure kwamba jitihada haiondoi kudura. Tusisahau tu kwamba katika methali hiyo jitihada ndiyo iliyotangulia.

Lakini salamu haifungi faili. Sentensi yetu inaweza kufunga. Niseme lililonikuta. Katika miezi iliyofuata kifo cha mdogo wangu, hakuna hata mmoja wetu aliyefuatilia suala la lori lile. Tulikuwa familia ya walimu na makarani, watu wanaojua ofisi na barua. Hatukuandika barua hata moja. Nikijiuliza leo kwa nini, jibu ninalolipata linaniaibisha: tulikuwa tumeshakubali, hadharani, kwa maandishi, na mwandishi nilikuwa mimi. Ukishatangaza gazetini kwamba ni mapenzi ya Mungu, utakwenda kumshtaki nani? Maneno niliyodhani ni ya kuunganisha watu yalikuwa yametoa uamuzi.

Na hapo ndipo kipimo changu kilipo. Sentensi hii ikitoka kinywani mwa aliyefiwa, ni sala. Ikitoka kinywani mwa mfariji, ni maelezo, na mfariji hana maelezo. Ikitoka kinywani mwa aliyesababisha msiba, au ofisi iliyopaswa kuuzuia, ni utetezi. Maneno ni yale yale matano. Mhakiki lazima aulize nani anasema, kwa nani, na lini.

Tunaye mshairi wetu anayeonyesha kwamba mtu anaweza kuishika imani na bado akamtaja aliyemtesa. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya kijitabu Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka uliofuata kwa jina Sauti ya Dhiki. Katika diwani hiyo hutapata mtu anayesema kwamba kufungwa kwake kulikuwa kazi isiyo na makosa. Mamba anayejiona hana wa kumweza mtoni anakumbushwa kwamba naye nguvu zake zina mwisho. Dhiki ina sauti, na sauti hiyo inajua tofauti ya Mola na mlinzi wa gereza. Laiti tungejifunza tofauti hiyo tunapoandika tanzia zetu.

Sasa msomaji ataniuliza: basi tusemeje? Kiswahili hakijatuacha mikono mitupu. Tuna neno pole, ambalo sijaona lugha nyingi za kigeni zikiwa na la kulingana nalo. Pole haielezi kitu. Haimsingizii Mungu wala mtu. Tuna kitenzi kufariki, ambacho asili yake ni kutengana, na hakuna aliyefiwa atakayepinga kwamba ametengwa. Na tuna neno marehemu. Tunalitumia kila siku kama cheo tu, marehemu fulani na marehemu fulani, bila kulisikia. Mzizi wake ni ule wa rehema, jina la yule mwanamke wa Ayubu aliyetafuta unga. Marehemu ni aliyerehemiwa. Ukimwita mtu hivyo umemwombea; hujadai kujua kwa nini amekufa. Ndani ya neno hilo moja mna imani yote tunayotaka kuitangaza, na hamna hukumu hata moja.

Mwaka huu tuliandika tangazo la kumbukumbu ya mdogo wangu. Kazi ikaniangukia mimi tena. Safari hii niliandika kwamba marehemu alifariki baada ya gari lake kugonga lori lililoachwa barabarani usiku bila taa, kwamba tunamkosa, kwamba hatuelewi, na tunamwomba Mungu anayeelewa atushike mkono. Nikaongeza ombi kwa wenye magari: gari likikuharibikia, weka alama.

Nilimsomea Mama. Siku hizi masikio yake ni mazito, kwa hivyo nilisoma kwa sauti ya darasani. Aliniuliza kama gazeti litakubali kulipiga chapa lile la lori. Nikamwambia tutajua wakilikataa. Akaniambia nilirudie kutoka mwanzo.